Mishale haionekani kwenye mchoro

SWALI: Nina modeli ya Ecore (lugha ya kueleza muundo wa data) ya korosho: klasi ya Chama ina rejeo “ghala” kwenda klasi ya Ghala. Kihariri changu cha Sirius (zana ya kutengeneza vihariri vya michoro) kinachora visanduku, mishale hakuna. Tatizo nini?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Fungua faili la .odesign, linaloeleza jinsi Sirius inavyochora. Kwa rejeo lisilo na klasi yake lenyewe unahitaji mshale wa uhusiano (Relation Based Edge), si wa elementi (Element Based Edge); huo wa elementi hudai klasi yake, mfano Usafirishaji. Chanzo kiwe kisanduku cha Chama, mwisho cha Ghala, na usemi wa kutafuta mwisho uwe aql:self.ghala (AQL ni lugha ya maulizo ya Sirius; self ni Chama husika).

Angalia pia hili, maana linaumiza zaidi: Ghala lisipomilikiwa na kitu chochote, kuhifadhi kutagoma kwa kosa la DanglingHREFException, yaani rejeo linaelekea kitu kisichomo kwenye faili lolote. Ipe klasi ya mzizi (ile inayobeba vitu vingine vyote vya modeli) rejeo la umiliki kwenda Ghala, kikomo cha juu -1, yaani idadi yoyote.