Mkeo Alificha Ufunguo, na Alifanya Vyema

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31 na nimeoa. Nafanya kazi zamu ya usiku, na nikishuka zamu huenda moja kwa moja kwenye mafunzo ya urubani. Leseni ya rubani binafsi ninayo, sasa natafuta ya kibiashara, na mitihani ya nadharia imekaribia. Msongo wa mawazo umenizidi na usingizi hauji, ingawa rafiki yangu hunipa vidonge vya kulalia. Mke wangu hanielewi. Majuzi alificha ufunguo wa gari nikakosa somo, eti nimechoka. Nilimwambia anaionea wivu ndoto yangu. Nifanyeje ili aniunge mkono? Wiki hiyo pia mkufunzi alininyang'anya usukani tukitua, lakini hilo lilikuwa jambo dogo.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo ulio nao. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia naona mwenye haki ni mkeo.

Hilo unaloliita dogo ndilo lililonishtua. Mkufunzi hamnyang'anyi usukani mtu mwenye leseni ila ameona hatari, kwa mfano ndege inapopungua mwendo karibu na ardhi huku anayeirusha akitazama vipimo bila kuviona. Hebu tuhesabu. Ukiamka saa kumi jioni, ukakesha kazini, kisha ukashika usukani saa tatu asubuhi, umekaa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walieleza katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho muda huo hupungukiwa na umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Ungekunywa kiasi hicho, usingethubutu kuisogelea ndege.

Rubani hufundishwa kujikagua mwenyewe kabla ya kuikagua ndege: ugonjwa, dawa, msongo, pombe, uchovu na hisia. Kwa maandishi yako mwenyewe umeshindwa katika dawa, msongo na uchovu. Mkeo alikutazama usoni asubuhi ile akauona uchovu ambao wewe ulikataa kuukiri, nawe ukamlipa kwa kumwita mwenye wivu. Mwombe radhi, tena bila kuongeza neno "lakini".

Vidonge hivyo acha leo. Dawa ya usingizi huweza kubaki mwilini hadi asubuhi na kuipunguza akili kasi, na rubani hamezi dawa ambayo daktari wa usafiri wa anga hajairuhusu. Nenda kwa daktari huyo umweleze unavyokosa usingizi. Najua unaogopa kuharibu cheti chako cha afya, ila mficha uchi hazai, na tatizo la usingizi linalotibiwa mapema ni jepesi kuliko lile linalogunduliwa baada ya ajali.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha kwa jambo moja: mtu akisema "niunge mkono" huwa anamaanisha "nikubalie kila kitu". Mwenzi anayekupigia makofi huku unadhoofika mbele ya macho yake hakusaidii. Tena hukuandika popote kama mkeo anajua gharama ya mafunzo haya wala lini yatakwisha. Mtu hawezi kuunga mkono safari asiyoijua mwisho wake, kwa hiyo keti naye umwoneshe hesabu zote.

Kuhusu masomo, punguza haraka. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya kibiashara ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa anayesoma kozi kamili iliyoidhinishwa, na saa ulizokwisha kuandika kwenye kitabu chako hazifutwi kwa kuwa umesogeza somo. Usiruke kamwe siku unayoshuka zamu. Panga masomo siku za mapumziko, baada ya kulala usiku mzima. Mitihani ikikaribia, baki na somo moja kwa wiki ili mikono isisahau kazi, na muda mwingine uwe wa vitabu, ukisoma ukiwa umelala vya kutosha, kwa kuwa ukurasa unaosomwa kwa kusinzia utausoma tena kesho.

Mwisho, mwambie mkufunzi wako ukweli kwamba umekuwa ukija ukiwa umekesha. Huenda akakusimamisha kwa wiki kadhaa. Akifanya hivyo, kubali.