Anapiga wenzake darasani: dahalia isubiri

Dada yangu wa Chake Chake, unauliza umpeleke dahalia, yaani skuli ya bweni, mwanao wa miaka 8 kwa kuwa anapiga wenzake na kutoroka darasani. Usimpeleke, nakuomba. Umri huo bado anahitaji kulala kwao.

Kwanza mpime masikio na macho. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kisha nenda skuli ya kutwa unayoifikiria, kaa nyuma ya darasa utazame. Muulize mwalimu hufanya nini mtoto akivurumisha daftari. Akikujibu "namtoa nje" na basi, endelea kutafuta. Wizara ya Elimu ina Kitengo cha Elimu Mjumuisho, yaani ya kusomesha watoto wote pamoja, wakiwemo wenye mahitaji maalumu; waulize skuli gani karibu nanyi ina mwalimu aliyesomea watoto kama hawa. Na ustadhi wa chuo cha Kurani mweleze pia, bakora haitamtuliza.