Muulizeni Dereva Mvua Ilinyesha Lini

Jana, pale tunapopokelea mizigo Shimanzi, Mombasa, kijana wetu mpya alitaka kupitisha lori la ngano ya Uasin Gishu kwa kusoma mita ya unyevu peke yake. Moyo ulinipasuka. Wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Bambo, kile chuma cha kuchomea gunia tutoe sampuli, lifike katikati ya gunia, si pembeni tu.

2. Jueni misimu. Narok huanza kuvuna kama Julai. Uasin Gishu hupanda Mei na Juni, huvuna Oktoba mpaka Desemba. Urusi na Ukraine ngano nyingi hupandwa Septemba, ikapita baridi ardhini, ikavunwa Julai. Argentina na Australia ni kuanzia Novemba. Sisi wa pwani hatukukulia mashamba ya ngano, kwa hivyo lazima tujifunze.

3. Hili bado laniuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwezi wa Novemba, nililetewa lori kutoka bara. Unyevu asilimia 12.8, na mwisho unaoruhusiwa ni 13.5. Punje kavu, zateleza mkononi. Nikapiga muhuri. Sikuuliza kama vuli iliikuta shambani, imeshakomaa, yangoja mashine ya kuvunia. Kumbe ililowa, ikaanza kuota ndani ya suke, kisha jua likaikausha. Maji yaliondoka, lakini amilasi, kimeng’enya cha punje inayoota, ilikwisha amka, na ukikanda unga wake, hiyo amilasi hula wanga. Mita haiyaoni hayo.

Siku nne baadaye mwokaji mmoja wa Majengo alikuja na boflo ndani ya gazeti. Alilikata mbele yangu. Kisu kikatoka na utelezi kama uji wa muhogo. “Mwanangu, nimetupa mikate ya asubuhi nzima. Wateja wangu niwape nini?” Sikuwa na jibu. Nikaitoa sampuli tuliyohifadhi, nikazigeuza punje moja moja. Kwenye kiini ngozi imepasuka, na kimzizi cheupe kimechomoza kama ncha ya uzi. Kilikuwapo tangu siku ile, chaonekana kwa macho. Folingi namba, yaani sekunde ambazo kijiti cha mashine huchukua kuzama katika uji wa unga, ilisoma 140; ngano isiyoota kwa kawaida hupita 300, maana wanga ukiliwa uji huwa mwepesi.

4. Kwa hivyo, kabla ya mita, dereva. Ilivunwa lini? Mvua ilinyesha? Mpeni chai kwanza, ametoka mbali.

Dereva wa jana alituambia ngano ilikatwa baina ya mvua mbili. Lori bado liko uani, na kijana amekaa mbele ya mashine ahesabu sekunde.