Kitambaa cha meza ya pool kimechanika: kiraka au kubadilisha chote?

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Meza ya sarafu (ile ya kutumbukiza sarafu ndipo ucheze) ya baa yako imechanika kitambaa karibu na shimo la kona, je, uweke kiraka au ubadilishe kitambaa chote? Na je, kazi hiyo mnaweza kuifanya wenyewe, wewe na kijana wako wa kaunta? Hizi meza nimezivisha miaka mingi, za baa na za klabu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kiraka sahau. Ukikipachika juu, mpira unaruka. Ukikigandisha kwa chini, gundi inakauka na kuwa ngumu, na kila mpira wa polepole unaopita hapo unapinda njia. Watu wanaowekeana dau la bia hawatakuelewa. Halafu mchaniko wa namna hiyo mara nyingi si kosa la mchezaji. Kitambaa kikiwa kimekazwa vizuri, ncha ya fimbo inateleza juu yake na kwenda zake. Kikilegea kinajikunja mbele ya ncha, na hapo ndipo fimbo inapopenya. Jaribu leo hii: bana kitambaa katikati ya meza kwa vidole viwili, uvute juu. Kikinyanyuka, ujue meza nzima imelegea na hata ukiziba hapo kitachanika pengine.

Kuhusu kitambaa chenyewe, kile cha pool mara nyingi ni sufu iliyochanganywa na nailoni. Kuna chenye manyoya, kinachovishwa zaidi meza za Kiingereza zenye mipira ya inchi 2, na kuna kilichofumwa laini bila manyoya, ambacho mpira unakimbia zaidi, kwa meza za Kimarekani zenye mipira ya inchi 2 na robo. Simonis 860 ya Ubelgiji, kwa mfano, ni asilimia 90 sufu na 10 nailoni. Kwa baa, ambako bia inamwagika na kila mtu anapiga anavyojua, chukua kizito kidogo na usihangaike na cha mashindano. Ila tafadhali usiende dukani kununua kitambaa cha suti au cha makochi kwa sababu tu ni kijani. Kinavutika na hakirudi, muda si mrefu unaona mawimbi, na hela ya kwanza imekwenda na maji.

Sasa kazi. Fungua fremu ya juu yenye raba za pembeni. Boliti zake kwa kawaida ziko chini, spana inatosha. Weka alama ya chaki kwenye kila upande ili ujue ulikotoka. Ng'oa kitambaa cha zamani pole pole na pini zote, moja moja, kwa bisibisi bapa na plaizi. Jiwe, yaani lile bamba zito lililo chini ya kitambaa, linaweza kuzidi kilo 100, kwa hiyo kama kingo zake unazifikia likiwa mahali pake, usilinyanyue. Kama ni lazima, ita watu wanne na msilibebe likiwa limelala, maana likipata mpindo linavunjika.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo meza nzuri inapopatikana: kusafisha jiwe. Gundi kavu yenye ukubwa wa punje ya mchele ikibaki chini ya kitambaa kipya, mpira unaisikia. Kwangua kwa wembe mpana uliolala, piga msasa laini, futa vumbi, kisha pitisha kiganja jiwe zima ukiwa umefumba macho. Mkono unaona kuliko jicho. Kama jiwe ni la vipande vitatu, viungo vyake vinajazwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kukwanguliwa ikipoa. Halafu pimamaji, kwa urefu, kwa upana na kwa ulalo. Ukishavisha kitambaa huwezi kurudi nyuma.

Kitambaa kikiwa cha manyoya, pitisha mkono: upande mmoja unateleza, upande mwingine unakwaruza. Mteremko wa manyoya utoke upande unakovunjia, yaani unakopigia mpira wa kwanza, kwenda upande inakopangwa mipira. Ukikigeuza, mipira ya polepole itakuwa inapotea njia na watu watasema meza imeinama. Na kabla ya kukata cha katikati, kata kwanza vipande vya kuvisha raba za pembeni, vyote kwa uelekeo mmoja. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenye meza ambayo mtu amekata katikati kwa raha zake halafu vya pembeni vimepungua.

Kuvuta sasa. Unahitaji mikono minne. Anza upande mmoja mfupi: funga katikati, kisha elekea kona. Nenda upande wa pili mfupi, vuta kwa nguvu ya mwili, siyo ya vidole, funga katikati kwanza, tena kuelekea kona. Halafu pande ndefu, mkitazamana, mmoja akivuta huku mwenzake akivuta kule kwa nguvu ileile. Nguvu ikizidi upande mmoja, utaona nyuzi zimepinda kama upinde. Legeza uanze tena upande huo, usijaribu kusahihisha kwa kuvuta zaidi kwingine. Kama chini ya jiwe kuna ubao, tumia stepla kubwa ya mafundi makochi. Kama ni jiwe tupu, ni gundi ya kunyunyiza kwenye ukingo na kwenye kitambaa. Iache ikauke hadi ikiguswa inanata bila kubaki kidoleni, ndipo ugandishe. Funika uso wa jiwe kwa magazeti unaponyunyiza.

Mashimo yanataka subira. Kitambaa kikiwa kimeshakazwa pande zote, kata michirizi mitatu au minne kutoka katikati ya shimo kuelekea nje, ukomee kabla hujafika mdomo wa jiwe. Mkato ukipita mdomo, huo ndio mchaniko wako wa mwezi ujao. Kunja kila ulimi chini, vuta, funga. Ulimi wa katikati ndio wa kwanza, zile za pembeni zinafuata.

Raba za pembeni zibonyeze kwa kidole gumba kabla hujazivisha. Raba nzima inarudi mara moja. Iliyokufa imekuwa ngumu au inapukutika, ibadilishe sasa hivi wakati fremu iko wazi. Kivute kitambaa chake sawasawa urefu wote. Kikizidi mvuto mahali pamoja, mpira unarudi kwa kasi tofauti hapo.

Mkiwa Pwani, Dar, Tanga au Mombasa, kumbuka sufu inanyonya unyevu na kulegea. Usifanye kazi hii siku ya mvua. Kifungue kitambaa toka kwenye pakiti yake na kukiacha kilale ndani ya baa usiku mmoja kabla ya kukivuta.

Kuhusu wenyewe au fundi: jiwe likiwa la kipande kimoja, kama zilivyo meza nyingi za sarafu, mnaweza, mradi mfanye siku ambayo baa haina haraka. La vipande vitatu, lipa fundi, lakini kwanza akuonyeshe meza aliyoivisha miezi kadhaa iliyopita, siyo ya jana. Ya jana, hata ivishwe na nani, inapendeza.

Ikishakuwa tayari, brashi kila asubuhi kwa kufuata manyoya, chaki ipakwe nje ya meza, na bia ikimwagika ibonyezwe kwa taulo kavu, isisuguliwe.

Angalia chini ya ukingo wa jiwe kama kuna ubao au hakuna, upime na urefu wa sehemu ya kuchezea, uniandikie hapa. Nitakuambia ununue mita ngapi.