Malkia mzee ndiye ahame

Yaya, unauliza kama mwezi huu wa tisa unaweza kugawa mzinga wako wa nyuki uliofurika, wenye malkia mzee. Hapa Lubumbashi ndio wakati, miombo inaanza kuchanua. Ila hakikisha madume ya nyuki yapo. Bila hayo malkia mpya hapandwi.

Mhamishe malkia mzee kwenye mzinga mtupu, na fremu (viunzi vya masega) mbili za majana, yaani watoto wa nyuki, na moja ya asali. Mzinga mkubwa ubaki na mayai: vijiti vyeupe vyembamba kama uzi, kimoja kila tundu. Hapo nyuki watajilelea malkia mwingine. Usiwachokonoe karibu mwezi mzima. Mpya akishataga, ndipo umuue mzee na kuunganisha mizinga miwili, ukitaka.

Fanya jioni. Mimi nilifungua saa sita mchana, mbuzi wa jirani akalipa kwa kuumwa.