Wasomaji Wauliza: Albamu mbili, gitaa na ilimba, tuamueje?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina albamu mbili mpya za waimbaji wanaojitungia wenyewe. Wote wanapiga gitaa na ilimba (ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole), wote wanaimba Kiswahili na Kigogo. Ya kwanza ina nyimbo 9, dakika 34. Ya pili nyimbo 14, dakika 57. Kikundi chetu cha usikilizaji kimesema ya pili ndiyo kali. Mimi nikivaa hedifoni naona ya kwanza ina kitu, ingawa ilimba yake kama imepishana na gitaa. Tuzilinganishe vipi kwa haki?
*Msomaji, Kizota, Dodoma*

JIBU: Sawazisheni volyumu kwanza. Albamu iliyo juu hata kwa desibeli 1 au 2 sikio haliiambii kwamba ina kelele. Linaiona imechangamka na ina besi nzuri, kwa kuwa sauti ikipanda tunazidi kuzisikia besi na noti za juu kabisa. Maprodyuza wengi wanalijua hilo na huibana sauti mpaka mstari wa kunong'ona unalingana na kiitikio. Kwenye sabufa ya kikundi inapendeza. Kwenye hedifoni, baada ya nusu saa, inachosha.

Pakueni programu ya bure ya kupima desibeli. Simu ikae mita 1 mbele ya spika, isisogezwe. Pigeni kiitikio kimoja cha kila albamu kwa sekunde 30, someni wastani, kisha shusheni iliyo juu mpaka tofauti iwe chini ya desibeli 1. Simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha mradi ni ileile. Kitufe cha besi kibaki katikati. Tena msipime mchana wa upepo: bati la Dodoma likianza kugonga, mtapima bati.

Hakikisheni pia mafaili ni ya daraja moja. Wimbo wa dakika 4 wa kbps 320 (kipimo cha wingi wa data kwa kila sekunde) una takriban MB 9.6, wa kbps 128 una MB 3.8. Faili dogo likigeuzwa kuwa kubwa halirudishiwi kilichopotea, kwa hiyo ukubwa peke yake usiwaridhishe. Sikilizeni kayamba: zikichururika kama maji badala ya kuchakarika, faili limebanwa. Mvumo wa ilimba nao huharibika mapema.

Sasa hiyo ilimba. Msiseme imekosea kabla hamjaipima. Ngazi ya sauti ya Wagogo imejengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa na noti moja ya msingi. Ya 7 kati ya hizo iko senti 31 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti) chini ya noti ya gitaa iliyo karibu nayo, na hatua ya kijumba kimoja kwenye shingo ya gitaa ni senti 100. Hiyo ni karibu theluthi ya hatua nzima. Zikilia pamoja karibu na hezi 440, mtasikia mawimbi kama 8 kwa sekunde, wa-wa-wa-wa. Pengine hayo ndiyo unayoyaita kupishana.

Chukueni programu ya kutuni gitaa, tafuteni mahali ilimba inapolia peke yake, mara nyingi mwanzo wa wimbo. Msisome mara tu ulimi unapopigwa, kwa kuwa mvumo wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la ilimba huichanganya programu. Ngojeni kama nusu sekunde. Noti ileile ikiwa chini kwa senti 30 hivi katika kila wimbo, ndivyo ilivyotuniwa, na mpigaji anajua anachofanya. Ikiwa chini kwa 30 wimbo wa 2 na kwa 12 wimbo wa 6, ulimi umesogea kwenye kibanio na hakuna aliyeuangalia kabla ya kurekodi: ukichomoza zaidi sauti hushuka, ukirudi ndani hupanda. Hilo ni kosa, liandikeni.

Kisha fuatilieni gitaa. Mpigaji anayeiheshimu ilimba huiruka noti ile, au hupiga nyuzi mbili tu na kuiachia ilimba nafasi. Kama albamu ya pili haina mawimbi popote, huenda ndimi zake zimesogezwa kulifuata gitaa. Si dhambi, na wimbo wa harusi unaweza kuhitaji hivyo. Lakini sisi tunaona kwamba ilimba ya namna hiyo imebaki umbo na mvumo tu. Kuzoeza sikio, sikilizeni albamu *Chibite* ya wanamuziki Wagogo Hukwe na Charles Zawose, ya mwaka 1996, kisha rudini kwenye albamu zenu.

Kuhusu urefu: safari moja ianzeni ile ndefu kwenye wimbo wa 8. Za mwisho huonewa kwa sababu masikio yamechoka.

SWALI: Waimbaji wawili wakiimba mambo yaleyale, mapenzi na kuondoka kijijini, nitajuaje yupi mtunzi bora?
*Msomaji, Kongwa*

JIBU: Yaandike mashairi yao kwa mkono, bila muziki. Ubeti unaoweza kuhamia wimbo wowote bila kubadili neno ni ubeti wa kujazia. Hesabu beti hizo ni ngapi kwa kila albamu. Halafu imba polepole ukipiga kofi kwenye mdundo mzito. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi makini huupeleka mdundo hapohapo. Akikosea, neno hupinda: mwenye kuimba "barabara" akikaza "ra" ya katikati badala ya "ba" ya mwisho, au kinyume chake, amechanganya njia ya magari na jambo lililofanyika sawasawa.