Mwani wa tangi langu, California

SWALI: Mhariri, nafuga samaki wa maji ya chumvi hapa South B. Kaka yangu aliye San Diego anataka nimtumie kipande cha mwani wangu wa kaulepa, ule wenye majani kama unyoya. Kuna shida?

JIBU: Tafadhali usitume. California ilipiga marufuku aina kadhaa za kaulepa mwaka 2001, na sheria ya 2023 ikajumuisha zote: kuuza, kusafirisha, hata kuwa nayo nyumbani. Wana uchungu nayo. Mwaka 2000 ilikutwa kwenye hori la Agua Hedionda, Carlsbad. Wapiga mbizi wakaifunika turubai na kutia klorini chini yake. Kuitokomeza kulifika 2006, kwa zaidi ya dola milioni 7! Kipande cha sentimita moja huchipua upya. Kaka akikipata hicho, ni yeye atakayeshtakiwa. Nawe ukipunguza mwani, ugandishe kwenye friza siku nzima kabla ya kuutupa.